JAMAA WA MBUBA NA PROBOX ILIYOKUWA INALIA OILI KILA USIKU

Kila alfajiri, kabla bi mkubwa hajafungua mlango, jamaa alikuwa ameshachota mchanga na kuumwaga juu ya doa jeusi pale uani. Halafu anawasha Probox, huyo, anakwenda kusaka abiria wa kutoka Mbuba kwenda Ngara mjini. Mchezo huo aliucheza karibu miezi mitatu.

Gari ni ya marehemu mzee. Ndiyo inayomlipia mdogo wake ada, na mashangazi walishasema toka siku za matanga kwamba iuzwe kabla kijana hajaiua. Sasa hapo utaanzia wapi kumwambia mtu kwamba inavuja?

Dashibodi inasoma kilomita 318,000. Kijiweni akapewa ushauri ule ule ambao kila mwenye gari chakavu ameshapewa: gari ikizeeka ipe oili nzito. Akaachana na 5W-30 aliyokuwa anaweka mzee, akahamia kwenye namba 40 ya kupima, ile inayochotwa kwenye pipa na kutiwa kwenye chupa ya maji. Wiki ya kwanza matone yakapungua kweli, jamaa akatamba.

Kumbe oili nzito ndo zake hizo, inakupa raha ya muda. Inapita polepole penye ufa, sawa, lakini inapita polepole kila mahali. Ile namba kabla ya W inaonesha oili inavyotembea injini ikiwa ya baridi, na ya mwisho inaonesha uzito wake injini ikishachemka. Namba 40 kavu haina W, maana yake haijaandaliwa kwa baridi. Na asubuhi za Ngara mnazijua. Injini ya 1NZ yenye VVT-i ina vitundu vyembamba vinavyosubiri oili ifike haraka, ndo maana akiwasha tu huko juu kunagonga kama cherehani, halafu kunatulia. Yeye akaongeza sauti ya redio.

Akanunua na kichupa cha kuzuia kuvuja. Hivyo vichupa si utapeli wote, vinalainisha mpira wa sili uliokauka, kwa hiyo unyevunyevu mdogo unaweza kukata. Ila mpira uliokwisha kabisa ni sawa na kupaka mafuta ya nazi kwenye jino bovu. Siku nyingine akaongezea oili aliyopewa na dereva wa lori la Rusumo. Wala hakusoma kopo. Herufi S ni za injini za petroli, C ni za dizeli, na kopo moja linaweza kuwa na zote mbili. Hilo lilikuwa na C peke yake.

Siku ya siku, gari imejaa, maharage kwenye buti, mbele kuna mama anampeleka mtoto Murgwanza hospitali. Kwenye kilima, taa nyekundu yenye picha ya kibirika ikapepesa.

"Ni waya tu huo," jamaa akasema.

Taa ikawaka moja kwa moja. Wadau, taa ile haikukumbushi kwenda sevisi. Ikiwaka, presha ya oili imeshashuka, vyuma vinasagana.

"Baba, simama," yule mama akasema. Hakupaza sauti. "Mimi nina mtoto hapa."

Akasimama. Akavuta kile kijiti cha kupimia, kikavu mpaka ncha. Akarudisha nauli za watu mkono unatetemeka, mama akapanda bodaboda na mtoto wake, na jamaa akabaki na maharage.

Fundi aliyeivuta hakuanza kwa kufungua. Aliiosha injini kwa sabuni ya unga, maana vumbi jekundu likichanganyika na oili huwezi kujua uvujaji unaanzia wapi. Ikakauka, akaipaka poda ya mtoto, akaweka oili na kuiacha inanguruma dakika 20. Mstari mweusi ukajichora wenyewe kutoka juu, kwenye gasketi ya tapeti kava, iliyokuwa ngumu kama kigae. Sili ya krenki, ambayo kijiweni walimwambia ndiyo mbovu na injini ishuke, ilikuwa na jasho tu.

Halafu akachomoa kidude kidogo, vali ya PCV, akakitingisha sikioni. Kimya. Kikiwa kizima kinacheza ndani, unasikia. Kikiziba, injini haipumui, presha inasukuma oili itoke popote penye udhaifu. Hela yote ya vichupa ingekinunua na chenji ikabaki.

Wakabadilisha vyote viwili, wakaweka 10W-40 iliyofungwa kiwandani, lita 3.7 na chujio jipya. Kwa bahati injini haikuwa imenoki, ingawa fundi alisikiliza muda mrefu kabla ya kusema hivyo.

Jioni jamaa akakaa jikoni, akajikaza. "Mama, gari ilikuwa inavuja."

"Najua," bi mkubwa akajibu bila kugeuka. "Umenimalizia mchanga wa kujengea choo."

Usiku ule walitandika boksi chini ya injini. Alfajiri bi mkubwa ndiye aliyetangulia kutoka. Akainama, akahesabu matone mawili, akaenda kuwasha moto.