Mbolea inayokufa dukani

Wadau, nilipotea kidogo, nilikuwa Morogoro kikazi. Leo siasa tuziweke pembeni tuongee mbolea. Msikimbie, najua humu ndani wako wengi wenye ekari zao wanazozilima kwa simu wakiwa Dar.

Tangu bei ya yurea ilipopaa mwaka 2021 na 2022, hadi serikali ikaleta ruzuku Agosti 2022, watu hawajaacha kutafuta namna ya kuupunguza ule mfuko wa kilo 50. Hapo ndipo mbolea hai zilipopata wateja wapya. Inayotajwa sana ni ya bakteria waitwao raizobia. Unaipaka kwenye mbegu kivulini na kuipanda siku hiyohiyo. Bakteria wanaingia kwenye mizizi, wanajenga vinundu, wanachukua nitrojeni ya hewani na kuupa mmea, nao mmea unawalipa sukari. Kipaketi cha gramu 100 kinatosha mbegu kilo 10 hadi 15. Unakibeba mfukoni!

Wala si uchawi. Wajerumani waliikatia hataza mwaka 1896. Brazil, kwa mchango mkubwa wa mwanasayansi Johanna Döbereiner, inalima karibu soya yake yote bila mbolea ya nitrojeni ya viwandani. Jirani zetu wana Biofix, iliyotoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Hata sisi, chuo cha Sokoine kilishatengeneza yake ya soya, ikaitwa Nitrosua. Wangapi mmewahi kuisikia?

Sasa kilichonikera. Niliingia duka moja la pembejeo (jina nalihifadhi) nikakuta vipaketi vimepangwa dirishani, jua la saa nane linavichoma. Nikauliza vinakwisha muda lini. Muuzaji akacheka: "Kaka, hii mbolea, haiozi." Nikauliza kama vinafaa kwa mahindi. Akasema vinafaa kwa kila kitu.

Havifai. Raizobia ni wa jamii ya kunde tu, na hata huko kila zao na wake: wa soya usitegemee wahudumie maharage. Tena ni viumbe hai, joto linawaua. Yurea ukiisahau stoo mwaka mzima, kavu, bado ni yurea. Hawa ukiwaanika dirishani unauza vumbi.

Mimi hofu yangu iko hapo. Mkulima akipanda asione tofauti, hatasema paketi ilikuwa imekufa. Atasema mbolea hai ni utapeli, na jirani yake atamwamini, maana shamba analiona. Na utapeli upo kweli. Mradi wa COMPRO ulioanza 2009 ulipima bidhaa zaidi ya 100 za aina hii na za jirani zake katika Kenya, Ethiopia na Nigeria, nyingi zikaonekana hazina faida. Nzuri na mbovu zinakaa rafu moja, bei zinakaribiana, na paketi haisemi kama kilicho ndani bado kiko hai.

Shamba lenyewe linasema. Mmea ukianza kutoa maua, chimba mmoja kwa jembe, usiung'oe, vinundu vitabaki ardhini. Kipasue kimoja kwa ukucha. Ukikuta wekundu kama damu, wako kazini. Kikiwa cheupe au kijani ndani, hakuna kitu. Na kama hakuna vinundu kabisa, niandikie ulinunua lini na paketi ilikuwa imekaa wapi dukani. Nazikusanya hizo habari.