Msingi wa Mashine ya Kusaga, Kilibula

Zamani, mashine ya kusaga ya mtaani kwetu Kilibula tuliisikia kwa nyayo kabla ya masikio. Injini yake, Lister ya silinda moja, ilifungwa kwa bulo kwenye magogo mawili, na magogo yalizikwa katika sakafu ileile iliyobeba kuta. Ukuta ukapasuka kando ya dirisha. Mwenye mashine akaziba ufa kwa simenti, ufa ukarudi. Wengine walilaumu tetemeko, maana ziwa letu limo ndani ya bonde la ufa na ardhi hutikisika kweli; ila ufa huu ulikua katika miezi ya mavuno, mashine ilipofanya kazi mchana kutwa.

Lister zile huzunguka mara 650 kwa dakika, karibu mara 11 kwa sekunde, na kila mzunguko pistoni husukuma chochote kinachoishika injini. Watu walikaza bulo zaidi. Mtikisiko ukazidi kuhamia ukutani.

Aliyegeuza mambo ni mzee mmoja, fundi wa zamani wa kiwanda cha sukari cha Kiliba, huko bonde la Ruzizi.

"Papa, tuongeze bulo?"

"Hapana, mwanangu. Tutenganishe."

Alivunja sakafu, akachimba hadi kwenye udongo mgumu, akamwaga beto yote kwa mara moja, kisha akaacha nafasi ya vidole vinne kati ya beto hiyo na sakafu ili zisigusane popote. Kanuni yake ilikuwa uzito: beto iwe mara 3 hadi 5 ya mashine. Injini ile ina zaidi ya kilo 300, na mita moja ya ujazo ya beto ni kama kilo 2400. Kwa hiyo injini peke yake yataka nusu mita ya ujazo. Kinu nacho alikiweka juu ya beto hiyohiyo, maana mkanda unaoviunganisha huruka injini na kinu vikiyumba kila kimoja kivyake.

Kisha zikaja mota za umeme, zinazozunguka karibu mara 1450 kwa dakika. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya uzito usiolingana huongezeka mara nne, na nyundo za kinu zilizolika upande mmoja hutosha kuleta balaa. Tukaanza kuzipima nyundo kwenye mizani, zinazotazamana zilingane. Tukajifunza pia kwamba beto ina mdundo wake juu ya udongo. Mwendo wa mashine ukiukaribia mdundo huo, mtikisiko mdogo huwa mkubwa. Kitako kipana huuharakisha, uzito huupunguza.

Udongo wetu ni mchanga na kokoto zilizoshushwa na mito kutoka milimani. Mchanga mlegevu ukitikiswa hushuka, na baada ya mafuriko ya Aprili 2020 niliona beto nzuri imeinama. Sasa tunashindilia tabaka kwa tabaka kabla ya kumwaga.

Simenti ni ghali, na anayeanza biashara hupunguza beto kwanza. Nikiitwa kumjengea msingi, namsihi apunguze kibanda.