Mashahidi Wawili Wasio na Majina



Anayetoka Uvira kwenda Bukavu hupita katika uwanda wa Ruzizi, milima ya Mitumba ikiwa kushoto kwake na mto unaotutenga na Burundi ukiwa kulia. Kabla ya kufika Sange huikuta Kiliba, makao ya kiwanda cha sukari kilichojengwa katika miaka ya 1950, chini ya ukoloni wa Wabelgiji. Palikuwa na mashamba mapana ya miwa, na palikuwa na nyumba za wakubwa na nyumba za vibarua. Siku ya mshahara ilikuwa siku ya soko la Uvira pia. Muuza ndagala, muuza mihogo na fundi cherehani walionja utamu wa sukari ile bila kukata hata muwa mmoja. Vita vya mwaka 1996 vikakinyamazisha kiwanda, na mji jirani ukaona jinsi riziki yake ilivyokuwa imefungamana na shamba lile.

Wazee huisimulia Kiliba kwa majonzi, na wana haki. Lakini kila shamba kubwa lina historia mbili: ya waliolilima, na ya waliokuwapo kabla halijapimwa. Uingereza, kati ya mwaka 1604 na 1914, Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ua ardhi ambayo wanavijiji walikuwa wakiitumia kwa pamoja. Penye malisho ya wengi pakawa pa bwana mmoja. Kwetu, amri ya tarehe 1 Julai 1885 iliitangaza ardhi yote “tupu” kuwa mali ya dola ya Leopold II. Shamba lililolazwa ili lipate nguvu, malisho ya msimu, msitu wa kuni: machoni pa mgeni vyote vilikuwa vitupu. Tena, tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ya nchi yetu ni mali ya Serikali, nasi huitumia kwa hati. Ndiyo maana karatasi moja yaweza kumwinua mtu au kumng’oa.

Hapo ndipo Maandiko yanapotukuta. Katika sura ya 21 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, Ahabu anatamani shamba la mizabibu la Nabothi kwa sababu limepakana na jumba lake; anataka kulifanya bustani ya mboga. Anatoa bei nzuri. Nabothi anakataa, kwa kuwa shamba ni urithi wa baba zake. Kisha Yezebeli anaandika barua kwa jina la mfalme na kuzitia muhuri. Wazee wa mji wanazitii. Inatangazwa mfungo, ili dhuluma ivae kanzu ya ibada. Watu wawili wanaketishwa mbele ya Nabothi, wanasema uongo, naye anapigwa mawe hadi kufa.

Tunalijua jina la mfalme, la malkia, la nabii Eliya na la marehemu. Majina ya wale mashahidi wawili hatuambiwi. Hata hivyo, bila wao muhuri wa mfalme usingetosha.

Vijana, mkubwa anayetamani ardhi ya mnyonge mara chache huenda peke yake. Hutafuta kijana mwenye njaa wa kuapa kwamba mpaka ulikuwa pale, wa kutia sahihi asichokisoma, wa kung’oa miti ya mpaka usiku, au wa kushika silaha kwa jina la kabila. Malipo huisha kabla ya mwezi kuandama. Mjane aliyefukuzwa hubaki akipita mbele ya mlango wako kila Jumapili.

Kanisa halifundishi kwamba shamba kubwa ni dhambi, wala kwamba kiwanda ni adui. Kazi ni baraka, na anayetamani kuiona Kiliba ikivuma tena anatamani jema. Lakini katika waraka wa Laudato Si’ wa mwaka 2015, Papa Fransisko alikumbusha kwamba dunia ni ya Mungu, na kwamba kila umiliki una wajibu kwa jamii. Basi kabla ya kushangilia mradi wowote wa ardhi, tuulize: nani alikuwa akilima hapa, nani hakuitwa kwenye kikao, na mimi naombwa kushuhudia nini?

Katika kikundi chenu, someni sura hiyo polepole. Kisha kila mmoja ajibu moyoni: nikiletewa fedha niketi mahali pa mmoja wa wale wawili, nitasema nini? Jibu litayarishwe leo, tumbo likiwa limeshiba na rafiki wakiwa karibu. Siku ya barua yenye muhuri huja bila hodi.