Waliochujwa

Wasichana wa siku hizi wananiambia wanachuja marafiki. Anayekurudisha nyuma unamwacha, anayekuinua unamshika. Sina haraka ya kuwabishia, maana kizazi changu nacho kina yake. Mwenzetu akija jicho limevimba, tulimkanda kwa maji ya moto, tukamlisha, kisha tukamwambia arudi, ndoa ni kuvumilia. Tulimpenda kweli, lakini maneno yale hayakuwa yetu. Yalikuwa ya mji.

Marilyn Friedman, mwanafalsafa wa Marekani, aliligusa jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1993. Ukoo huuchagui, rafiki unamchagua. Kwa hiyo mwanamke anayekataa desturi inayomwumiza anaweza kupata kwa rafiki msimamo alionyimwa nyumbani. Na kumwamini rafiki ni kuipokea habari yake jinsi anavyoieleza yeye, hata kama inapingana na ulivyolelewa. Aristotle aliuandikia urafiki vitabu viwili kati ya kumi vya maadili yake, lakini jiko lenye mwanamke aliyepigwa hakulifikia.

María Lugones, mzaliwa wa Argentina, alikuwa mkali zaidi. Katika makala aliyoandika na Elizabeth Spelman mwaka 1983, aliwahoji wanawake Wazungu waliotaka kujenga nadharia pamoja na wanawake kama yeye: mnakuja kwa sababu gani? Wajibu haukumtosha, faida ndiyo haikumtosha kabisa. Sababu iliyofaa ilikuwa urafiki tu, nao haudaiwi.

Hapo ndipo chujio la wasichana wangu linaponitatiza. Katika upatu wetu Dar es Salaam, mama mmoja zamu yake ilipofika alimpa jirani ambaye mwanawe alikuwa amerudishwa kwa ajili ya ada. Mwenye daftari akakata jina, akaandika jingine juu yake. Yule jirani hakuwa na cha kumwinua mtu, na mdomo wake, Mungu amrehemu, ulikuwa mchungu. Bibi Titi Mohamed alipowaingiza wanawake katika chama cha TANU kuanzia 1955, alipitia vikundi vya ngoma, kwa watu waliokwisha kuzoea kufaana hivyo.

Nawasifu hawa wasichana: wanajua kusema "usirudi kwake," neno lililotushinda sisi. Ila nawauliza, usiku atakapokimbia mwenzenu atabisha hodi kwa nani, kama mwaka jana mlimtoa kwenye kundi kwa sababu kila siku ana matatizo?