Ukienda Ikola, usiucheke mkweche

Vijana wa mjini bwana! Gari kwetu ni tinti, rimu na muziki mnene. Likipita lori la zamani linakohoa moshi, tunaziba pua: "Mkweche huo!" Haya, wewe unayepanga kula likizo kando ya Ziwa Tanganyika, fungua macho. Njia ya kwenda Ikola, mkoani Katavi, imejaa habari za mashine za vita zilizopewa kazi ya pili.

Panda treni Tabora. Kabla ya kukata kona Kaliua kuelekea Mpanda, utapita Urambo. Hapo, na kule Kongwa na Nachingwea, Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947. Trekta zilikuwa adimu baada ya Vita Kuu ya Pili, basi wakazoa mitambo iliyoachwa na jeshi la Marekani huko Ufilipino. Haikutosha. Kampuni ya Vickers ikachukua vifaru aina ya Sherman, ikaondoa mizinga, ikavigeuza trekta. Zikaitwa Shervick. Kifaru shambani, tena cha karanga! Lakini ardhi ya Kongwa ilikuwa ngumu kama saruji, mvua ikagoma, na mwaka 1951 mradi ukafa.

Mpanda unashuka, unatafuta usafiri wa kwenda ziwani. Hapo ndipo uanze upelelezi. Ukikuta lori kuukuu limelala chini ya mwembe, utajuaje kama liliwahi kuvaa magwanda?

Kwanza, usukani. Kwetu unakaa kulia. Ukiwa kushoto, huenda lori lilivuka kutoka Kongo au Burundi, au lilitengenezwa Urusi, China au Marekani na halikubadilishwa. Pili, inama uchungulie mbele. Ukiona difu kwenye ekseli ya mbele, hilo linavuta kwa magurudumu yote, na majeshi huyapenda hayo. Tatu, hesabu tairi za nyuma. Lori la mizigo kwa kawaida lina tairi pacha, ila malori mengi ya jeshi yana moja moja, ili ya nyuma ipite kwenye mkondo wa ile ya mbele topeni.

Nne, tazama paa. Bedford RL la Waingereza lina tundu la mviringo juu ya kichwa cha abiria, askari asimame achungulie. Tano, nenda nyuma. Difu limepakwa rangi nyeupe na lina kataa kadogo? Usidhani ni mapambo. Katika msafara wa usiku taa kubwa huzimwa ili adui asiwaone, na dereva wa nyuma hufuata ule weupe tu. Na ukikuta magurudumu yamepinda kama miguu ya mtu aliyebeba gunia zito, hilo ni Tatra la Wacheki. Halina ugonjwa, limezaliwa hivyo.

Ukifika Ikola, kaa ufukweni, agiza mgebuka wa kukaanga, tazama ng'ambo. Kule ni Kongo. Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili za kivita, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini kwa reli. Reli ilipokatika, zikaburutwa porini na ng'ombe pamoja na mashine za mvuke zenye magurudumu ya chuma, mababu wa malori yetu. Walikuja kupambana na meli za Wajerumani ziwani.

Kubwa kati ya hizo ilikuwa Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikasafirishwa kwenye makasha kama 5,000 na kuunganishwa Kigoma. Julai 1916 Wajerumani, wakikimbia, waliizamisha wenyewe, lakini kwanza wakaipaka injini grisi nzito. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Kwa miongo mingi ilitia nanga mbele ya Ikola, abiria na magunia ya dagaa wakiifuata kwa boti.

Liemba ilipona kwa sababu walikuwepo watu waliojua kilichokuwa chini ya maji na thamani yake. Lori la chini ya mwembe halina bahati hiyo. Vyuma chakavu huuzwa kwa kilo, na mizani haisomi historia. Likishakatwa, kibati chenye namba ya chesisi kinaondoka nalo, na hakuna atakayejua lilitoka wapi.

Kwa hiyo ukiliona, toa shikamoo kwa wenyeji, omba ruhusa, nakili kibati, piga picha, muulize mzee lilifikaje hapo. Angalizo: usipige picha kambi wala magari ya jeshi yaliyo kazini, utaja kujieleza kirefu. Na chuma chochote chenye umbo la bomu, usikiguse.

Safari njema, mpelelezi!