Pikipiki ya Marehemu Sajini

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Hata hivyo wapo watu ambao mioyo yao huvutwa na vitu vikuukuu, nao hao yafaa wajihadhari zaidi kuliko wapenda vipya. Kwa maana kitu kipya huuzwa pamoja na dhamana yake, bali kikuukuu huuzwa pamoja na siri zake.

Koplo mmoja wa polisi katika mji wa Jinja, mwenye umri wa miaka 35, alikuwa miongoni mwa watu hao. Siku moja aliambiwa na rafiki yake kwamba katika mtaa wa Walukuba yuko mama mjane ambaye bandani mwake mna pikipiki ya zamani ya Kiingereza. Marehemu mumewe alikuwa sajini wa polisi. Aliinunua katika mnada mwaka 1958, akaipanda hadi mwaka 1989, kisha akaiegesha katika banda la kuku akingoja kupata tairi. Tairi hazikupatikana, na mwaka 2021 sajini akafariki dunia. Sasa mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekwisha kufika na mizani yake, akataja shilingi 150,000.

Koplo alikuwa na akiba ya shilingi milioni 3, aliyoikusanya kwa miaka 4. Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, hakumkataza kwenda. Alimkabidhi daftari jipya la shule, akampa na sharti.

"Baba watoto," alisema, "usiniletee hapa kitu ambacho hukukiandika humu. Mali bila daftari huisha bila habari. Na zile laki 9 za karo ya muhula wa tatu zisiguswe."

Jumamosi asubuhi koplo akapiga hodi Walukuba, akiwa amevaa nguo za kiraia, na mkobani mna tochi, uzi, kisu, kopo la mafuta mepesi na spana chache.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nimeambiwa wewe ni wa kituoni. Basi nitakuita Afande, maana nimeishi kambini miaka 27 na mdomo umezoea."

Kuku wakafukuzwa, magunia yakaondolewa, na pikipiki ikaonekana. Ilikuwa BSA M20. Herufi hizo ni za kampuni ya Birmingham Small Arms, iliyoanzishwa na mafundi wa bunduki wa Birmingham mwaka 1861, kabla haijafikiria kutengeneza pikipiki. Ndiyo maana nembo yake ilikuwa bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja, kama askari wanavyoziegemeza wakati wa mapumziko. Katika Vita Kuu ya Pili kampuni hiyo ililipatia jeshi la Uingereza pikipiki za M20 zaidi ya 120,000. Injini yake ina silinda moja ya sentimita za ujazo 496 na nguvu za farasi 13 tu, na mwili wake una uzito wa karibu kilo 170. Haikusifiwa kwa mbio. Ilisifiwa kwa kuvumilia, na kwa kuwa askari aliye mbali na gereji aliweza kuitengeneza mwenyewe.

Mtu mwingine angaliirukia kiki palepale aone kama itawaka. Koplo hakuigusa. Alichuchumaa, akasugua vumbi, akatafuta namba mbili: ya injini, iliyopigwa chini ya silinda, na ya fremu, iliyopigwa kwenye chuma cha mbele. Zote mbili zilianza na WM20, alama ya pikipiki zilizotengenezwa kwa ajili ya jeshi wakati wa vita. Lakini tarakimu zilizofuata hazikulingana. Kwa pikipiki nyingine askari angeshuku wizi. Kwa M20 ya jeshi jambo hilo ni la kawaida, kwa kuwa kiwandani injini na fremu zilihesabiwa mbalimbali, na karakana za jeshi zilihamisha injini kutoka fremu hii hadi ile. Lililo muhimu ni kwamba namba zote mbili ziwe zile zilizoandikwa katika kadi. Mama akaingia ndani, akarudi na logbuku iliyofungwa katika kitambaa cha mezani. Namba zilikuwa zile zile. Jina lilikuwa la marehemu.

Kisha koplo akaligeukia umbo. Alikwangua kwa ncha ya kisu mahali pasipoonekana, nyuma ya sanduku la vifaa. Chini ya rangi nyeusi ya sajini ikatokea rangi ya kijani ya jeshi. Akavuta uzi ubavuni kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, akaona magurudumu yamefuata mstari mmoja. Fremu haikupinda. Akapitisha vidole penye maungio akitafuta ufa, asiuone. Akaweka jiwe chini ya injini ili gurudumu la mbele liinuke, akashika uma akautikisa mbele na nyuma. Hapo pikipiki ikatoa siri yake ya kwanza: pini za uma zilikuwa zimelika, na chuma kililia kwa kugongana. Akaandika.

Akagonga spoku moja moja kwa spana. Spoku iliyokaza hutoa sauti ya kengele, na iliyolegea hutoa sauti ya mti. Kati ya hizo, 11 zililia kama mti. Tairi zilikuwa zimekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Ndani ya tangi la petroli tochi ilionyesha kutu nyekundu, lakini alipolibonyeza kwa kidole gumba kila upande, bati halikubonyea. Akaandika.

Vichwa vya nati alivitazama kwa muda mrefu. Pikipiki za Kiingereza za siku zile hazina nati za milimita. Fundi azifunguaye kwa spana za milimita huzila kona zake mpaka ziwe duara. Za pikipiki hii zilikuwa na kona zote. Ilionekana wazi kwamba aliyeitunza alikuwa na spana zake halisi, na alikuwa na subira. Tena hakuna kilichong'olewa: kabureta ilikuwapo, magneto ilikuwapo pamoja na dinamo yake, taa ilikuwapo, hata pampu ya upepo. Hilo lilikuwa na thamani kuliko kung'aa. Kilichovunjika hutengenezwa, au angalau huonyesha umbo la kile kinachotafutwa. Kilichopotea huagizwa kutoka ng'ambo, na hulipiwa usafiri na ushuru.

Ndipo alipoukandamiza mguu wa kiki kwa mkono. Haukwenda. Injini ilikuwa imeshikana.

Koplo hakutumia nguvu, kwa kuwa kuilazimisha injini iliyoshikana huenda kukavunja ringi za pistoni au kuikwaruza silinda. Alifungua kizibo cha chini. Katika M20 oili hukaa katika tangi lake la pembeni, na pikipiki ikiegeshwa muda mrefu huteremka yenyewe mpaka tumboni mwa injini. Kwanza yakatoka maji kidogo, kisha oili nyeusi. Akaisugua kati ya vidole viwili, akaitazama juani: haikuwa na chembe za chuma. Akafungua plagi, akamimina mafuta mepesi ndani ya silinda, akafunga.

"Mama, tuyape mafuta juma moja yafanye kazi yake. Bei yako ni kiasi gani?"

Mama alisita. "Yule wa mizani alisema laki na nusu. Mwanangu mkubwa asema nisikubali chini ya laki 6. Laki 6 ni nyingi, Afande?"

Koplo akajibu kwamba mtu hawezi kuitaja bei ya kitu ambacho hajamaliza kukikagua. Jibu hilo lilikuwa la kweli, lakini halikuwa kweli yote. Alikwisha kujua kwamba pikipiki kama ile, ikifufuliwa, huuzwa Uingereza kwa maelfu ya pauni, na kwamba hata katika hali ile, ikiwa kamili na kadi yake, laki 6 ni bei ya mtu asiyejua anachokiuza.

Juma lile lilikuwa refu. Usiku koplo alifungua daftari mbele ya mkewe, wakajumlisha: tairi na tyubu mbili, cheni, spoku, pini za uma, nyaya zote za umeme na za breki, ringi, na kuisuka upya magneto. Vipuri vya M20 vingali vinapatikana kwa wauzaji wa Uingereza, kwa sababu pikipiki zenyewe zilikuwa nyingi. Ila kila kipuri kina nauli yake. Hesabu ilipita shilingi milioni 3, mbali na bei ya kununulia.

"Basi laki 6 ni neema," mkewe akasema. "Tukilipa laki 6, katika milioni 2 na laki moja iliyo huru tunabaki na milioni moja na nusu ya kuanzia."

Koplo alinyamaza kitambo. "Na zamu zangu za doria ziko Walukuba. Nitapita mlangoni pake juu ya pikipiki ya mumewe kila juma. Siku atakapoambiwa bei yake halisi, nitamsalimuje?"

Mkewe akaifunga kalamu. "Hilo nalo liandike," akasema.

Jumamosi ya pili koplo aliukandamiza mguu wa kiki kwa mkono, polepole. Ukakataa, kisha ukateremka upana wa kidole, kisha ukashuka wote na pistoni ikapanda. Alipoiona injini inazunguka vizuri, akaiegemeza plagi juu ya chuma cha silinda ili atazame cheche, akainua mguu wake kupiga kiki.

"Ngoja!" Mama akasema. Alisogea, akakishika kimkono kidogo upande wa kushoto wa usukani, akakisukuma kwa kidole kana kwamba alikuwa amekifanya jana. "Rudisha hiki kwanza. Cheche ikiwahi, kiki hurudi na kukupiga. Mwaka 1963 ilimpiga yeye, akachechemea mwezi mzima, nami ndiye niliyekuwa nikiishika pikipiki alipojifunza upya."

Koplo alikuwa amesoma habari za kimkono hicho, lakini alikisahau. Akapiga kiki. Katika giza la banda cheche ndogo ya buluu ikaruka. Hata hivyo katika daftari aliandika magneto kuwa mbovu, kwa kuwa magneto za zamani huweza kutoa cheche zikiwa baridi na kufa zikipata moto. Alipoirudisha plagi na kukandamiza kiki tena, injini ilikataa kidogo tu kisha ikalegea. Mgandamizo ulikuwa hafifu. Yamkini valvu hazikukaa vizuri. Hilo halikumtisha, maana katika injini hiyo valvu ziko ubavuni mwa silinda, na kichwa chake hufunguliwa bila kuzigusa.

Wakati huo mwana mkubwa wa mama alikuwa amefika. Wote wakaketi barazani, na koplo akafungua daftari mbele yao. Ukurasa wa kushoto ulikuwa na kasoro zote, wa kulia na mambo mema yote. Akayasoma yote, hata yale yanayompunguzia nafasi.

"Mama, bei yako ni ndogo," akamaliza.

Mwana akamtazama kwa mashaka. "Mnunuzi anayepandisha bei anataka nini?"

"Nataka kuinunua," koplo akajibu. "Lakini nataka mnijue nikiwa na kadi mfukoni kama mnavyonijua sasa."

Walizungumza hadi adhuhuri, wakapatana shilingi milioni 1 na laki 8: laki 6 siku ya kukabidhiana, na laki 2 kila mwezi kwa miezi 6. Lakini ilisalia kadi. Jina la marehemu haliuzi kitu, na mali ya marehemu haiuzwi na mtu kwa kuwa tu yumo nyumbani. Hapana budi mahakama impe mmoja wa familia barua ya usimamizi wa mirathi. Wengi hukwepa hatua hiyo kwa kuwa wanaaminiana, halafu huja ndugu wa tatu kutoka mbali, na aliyenunua kwa nia njema akajikuta akijibu maswali kituoni. Koplo alikuwa ameyauliza maswali hayo mara nyingi, hakupenda kuyajibu. Wakaandika mapatano yao mbele ya mwenyekiti wa LC1, na koplo akataka liongezwe neno moja: akitokea mwenye bei kubwa zaidi kabla barua haijatoka, mama yuko huru.

Barua ilichukua miezi 5. Katika muda huo koplo alikuwa akipita baada ya zamu, akitia mafuta kidogo katika silinda na kuizungusha injini kwa mkono ili isishikane tena. Mama alikuwa akimletea chai bandani na kumwambia ni kilima kipi kilichoishinda pikipiki, na ni mtoto yupi aliyezaliwa baada ya kukimbizwa hospitali juu yake. Hakutokea mnunuzi mwingine.

Siku ya kukabidhiana, laki 6 zilihesabiwa juu ya meza, mwana akatia sahihi, na pikipiki ikatolewa bandani. Koplo hakuthubutu kuipanda, kwa kuwa tairi zilikuwa zimekufa na breki hazikuaminika. Yeye na rafiki yake waliisukuma. Mama aliwasindikiza hadi barabarani, mkono wake ukiwa juu ya kiti. Alipouondoa alimwambia, "Siku ikiwaka, Afande, uipitishe hapa niisikie."

Usiku ule mkewe alilifungua daftari akaandika malipo ya kwanza. Katika mstari wa juu yake karo ya muhula wa tatu ilikuwa imekwisha kulipwa. Mstari wa chini aliuacha wazi kwa ajili ya tairi.