Swali Tulilolijibu Vibaya



  Mwaka huu tuliombwa tuandike juu ya nguzo za imani. Tumeona tuandike juu ya swali moja ambalo sisi walimu wenu tulilijibu vibaya.

Ilikuwa somo la Tauhidi, baina ya Magharibi na Isha, hapa Samuye. Tulikuwa tumefika kwenye Malaika na kazi zao. Tulipomtaja Malaika wa Mauti, kijana mmoja alinyoosha mkono akauliza: "Ustadhi, huyo anaweza kupewa kitu ili aridhike?" Wenzake wakacheka. Tukadhani anafanya mzaha na dini, tukamsimamisha hadi mwisho wa kipindi. Baadaye ndipo tulipojua kuwa kaka yake yuko machimboni Geita, na huko mganga amemwambia kuwa duara halitoi dhahabu mpaka mwenye shimo apewe chake.

Katika darasa hilo hilo yumo binti mwenye ualbino. Kila siku mama yake huja kumchukua kabla giza halijaingia vizuri, hata kama somo halijaisha. Siku ile alichelewa kidogo, binti akalisikia swali lote na vicheko vyote. Sisi tulikuwa tumeshughulika kukasirika, hatukumtazama hata mara moja.

Swali lile tulikwenda nalo Uganda. Tulikuwa tumemtembelea jamaa yetu Kibuli, Kampala, naye akatupeleka Ttanda, upande wa Mityana. Hapo ndipo Waganda wa zamani walipomjengea hekalu Walumbe, mungu wao wa mauti, likawa na makuhani wake kama walivyokuwa nao miungu wengine wa nchi ile. Kuhani kwao huitwa kabona. Tulikuta mashimo mengi, membamba na marefu kwenda chini, yametapakaa vichakani. Wapo wanaosema yalichimbwa na watu wa kale waliotafuta udongo au madini. Kwa mtu aliyetoka kwetu, macho yaliona maduara tu. Hadi leo watu huenda pale na sadaka zao na shida zao. Sisi tuliishia kwenye mashimo, vibandani hatukuingia.

Ngano yenyewe ni hii. Kintu, mtu wa kwanza, alimwoa Nambi binti Ggulu, na Ggulu akawausia washuke duniani upesi wala wasirudi nyuma. Nambi akakumbuka ulezi wa kuku wake, akarudi kuuchukua, na kaka yake Walumbe akamfuata. Walipozaa watoto, Walumbe alidai apewe mmoja awe mtumishi wake. Kintu akakataa, watoto wakaanza kufa. Ggulu akamtuma mwanawe mwingine, Kayikuuzi, amkamate ndugu yake. Watu wakaamriwa wakae ndani kimya. Lakini watoto waliokuwa nje na mbuzi wakamwona Walumbe, wakapiga kelele, naye akazama tena ardhini. Mashimo ya Ttanda husemwa kuwa ni alama za kufukuzana huko.

Ni ngano, na Muislamu haichukui kuwa itikadi. Ila tulisimama kwenye neno moja: Kintu alikataa kumtoa mtoto. Waliokuja baadaye wakajenga nyumba, wakaweka makuhani, wakaanza kumpelekea Walumbe zawadi. Ukishasema mauti ana njaa, lazima apatikane mtu wa kukaa mlangoni kupokea chakula chake.

Jamaa yetu alitukumbusha pia habari za Ahmad bin Ibrahim, mfanyabiashara Muislamu aliyefika katika baraza la Kabaka Suna wa Pili mnamo miaka ya 1840. Alipoona watu wanatolewa kwenda kuuawa kwa amri ya mfalme, alisimama akasema kuwa watu hao wameumbwa na Mwenyezi Mungu, na ni kosa kuwaangamiza. Mgeni, peke yake, mbele ya mfalme! Sisi tulikuwa mbele ya watoto wa madrasa tu, tukashindwa kusema hata nusu ya hayo.

Kwetu mlango huo haujafungwa. Kuanzia mwaka 2007 mikoa ya Kanda ya Ziwa ilitikiswa na mauaji ya wenye ualbino, kwa imani kuwa viungo vyao huleta utajiri wa madini na samaki. Mwaka 2009 mahakama iliyokaa Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mtoto wa namna hiyo. Mwaka 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Watoto wengi walihifadhiwa Buhangija, hapo Shinyanga mjini, mbali na mama zao. Wanaokwenda kwa wapiga ramli wamo na wenye majina kama yetu, wala tusifiche.

Tuliporudi tulimwita yule kijana mbele ya wenzake, tukamwomba radhi. Tukafungua Suratus Sajda, aya ya 11. Malaika wa Mauti ametajwa kuwa ni aliyewakilishwa tu. Hata jina la Izraili tulilozoea halimo ndani ya Qur'ani. Yeye ni mtumwa, hufanya alivyoamrishwa, hana fungu, hana hekalu, na muda wa mtu haununuliki kwa mbuzi wala kwa damu ya mwenzake.

Kijana akafikiri. "Basi ustadhi, vile anavyotoa kaka vinakwenda kwa nani?"

Kabla hatujajibu, yule binti, ambaye hajawahi kunyoosha mkono tangu aanze, akasema pale alipokaa: "Kwa mganga."

Hakuna aliyecheka. Kijana amempelekea kaka yake salamu, jibu halijafika. Somo la Tauhidi tumelihamishia baada ya Alasiri, jua likiwa bado juu. Mama yule bado anakuja mapema. Huketi barazani na kanga yake, akisubiri, na siku hizi husikiliza.